Kwa Nini Bonge la Kwanza Haliingii Motoni

Zamani, vilima vya Ikweni vilipokuwa bado vimefunikwa na msitu mpaka mabegani, udongo wa kufinyangia ulikuwa wa watu wazima peke yao.

Watu wa Ikweni walikuwa wafinyanzi. Wanawake walichimba udongo mwekundu kwenye mashimo ya mteremkoni, wakaubeba kichwani asubuhi nzima, wakaukanda, wakafinyanga vyungu, mitungi na vibia, wakavichoma kwa nyasi kavu na kinyesi cha ng'ombe. Kisha walivishusha bondeni, wakarudi na mahindi na chumvi. Udongo ulilisha kila nyumba. Kwa sababu hiyo mtoto hakuruhusiwa kuugusa. Mtoto ataingiza unywele, walisema, mtoto ataingiza kijiwe, na chungu chenye kijiwe kikipasuka motoni hupasua na jirani zake. Kila mfinyanzi aliweka kando yake kigunzi cha muhindi cha kusawazishia kuta za chungu, na kigunzi hichohicho kilijua njia ya kwenda kwenye vidole vidogo.

Basi watoto wa Ikweni wakawa watoto wa kutazama. Walikimbizana na kuruka kama watoto wa kwingine, lakini mama zao walipokaa kufinyanga, wao walikaa ukingoni mwa ua, mikono mapajani, kama washenga waliokuja kuposa na bado hawajajibiwa.

Palikuwa na desturi nyingine siku hizo. Mtu alipofariki, mtoto hakuambiwa. Aliambiwa kwamba fulani amesafiri. Tusiwalaumu waliofanya hivyo. Mtu hubeba mzigo mzito kwa namna anayoiweza, na wao waliona ni huruma kumwacha mtoto asiubebe.

Katika Ikweni hiyo aliishi bibi mmoja jina lake Namcheja. Hakuna aliyemshinda kwa chungu. Alikuwa akigonga chungu chake kwa kucha, nacho kinaita kama kengele ya mbuzi. Alikuwa na neno alilowafundisha wasichana wote waliopita mikononi mwake: "Kisichopita motoni hakijazaliwa." Chungu kibichi, hata kiwe kizuri namna gani, yeye hakukihesabu. Manyunyu tu yakikipata, kinarudi kuwa tope.

Namcheja aliishi na mwanawe Kalutu, mkwewe Naetwe, na mtoto wao wa pekee, Nakiete, aliyekuwa ameng'oka meno mawili ya mbele. Kwa kuwa mjukuu wa kike ni mke wa babu kwa utani, Namcheja alimwita "mke mwenzangu", ingawa babu mwenyewe alikwisha kufa kabla mtoto hajazaliwa. "Mke mwenzangu," angesema, "mume wetu amelala na njaa, wewe umekula ndizi zote." Na mtoto angejibu kwa pengo lake, "Mpikie wewe, mimi ndiye mke mdogo!" Walicheka hivyo kila siku, na utani haukuchakaa.

Mwaka mmoja masika yalinyesha siku tisa mfululizo. Siku ya kumi jua lilitoka, na Namcheja akamwambia mkwewe, "Naetwe mwanangu, udongo umekwisha. Nenda uchimbe kidogo kabla mvua haijarudi." Naetwe akajifunga kanga ya kazi, akachukua jembe na kikapu, Nakiete akamfuata.

Saa sita mtoto alirudi peke yake. Alikuwa na udongo mpaka kwenye kope. Hakulia wala hakusema. Alinyoosha mkono kuelekea mteremkoni. Watu walikimbia na majembe. Ukingo wa shimo ulikuwa umemporomokea Naetwe, na walipomfikia, alikuwa ameshaondoka duniani.

Walimzika jioni ileile. Nakiete alipelekwa nyumba ya jirani asione. Kesho yake babaye alimpakata, akatazama pembeni, akamwambia, "Mama amesafiri. Amekwenda kwao. Atarudi."

Mtoto alimtazama. Macho yake yalikuwa yameona jambo moja, na masikio yake sasa yaliambiwa jingine, na waliomwambia ni watu anaowapenda. Hakuwa na mahali pa kuyaweka yote mawili. Akafunga mdomo.

Mwezi ukaisha, Nakiete hajasema neno. Makande aliyapenda kuliko kitu chochote; sasa alichukua punje tatu, akazitafuna kutwa. Akaanza tena kulowesha kitanda. Mtu yeyote akipita karibu na ukingo wa mfereji, mtoto alipiga kelele bila maneno mpaka mtu huyo asogee. Namcheja alijaribu utani wao. "Mke mwenzangu, leo zamu ya nani kupika?" Mtoto alimtazama kama mtu anayesikiliza sauti kutoka ng'ambo ya bonde. Miguu yake ikawa miembamba kama mipini ya miiko.

Kalutu akamleta mganga wa mitishamba, mzee mkweli ambaye hakuwa na tabia ya kuuza dawa pasipo ugonjwa. Alimgusa mtoto tumbo, akamtazama ulimi, akaisukuma mikoba yake kando.

"Sina jani la hili," alisema. "Mwili wake mzima. Lakini asipoanza kula kabla mahindi hayajakomaa, atamfuata mama yake. Mtafuteni alipo."

"Si huyu hapa?" Kalutu akasema.

"Huyu hapa ni mwili, mwanangu. Nimesema mtafuteni alipo."

Mahindi wakati huo yalikuwa yamefika magotini.

Asubuhi moja Namcheja alifunua udongo wake uliokandwa, akaona pengo upande mmoja, na katika pengo hilo alama za vidole vinne vidogo. Wifi yake Nakadori, dada wa marehemu mume wake, alikuwepo. Nakadori alikuwa mwanamke mwenye moyo mwema na ulimi usio na kizuizi.

"Umeibiwa, wifi! Na mwizi hana hata meno."

"Nyamaza kwanza."

"Ninyamaze? Leo kaiba bonge, kesho utachoma mawe. Lete kigunzi, kama mkono wako umezeeka nitachapa mimi."

Walifuata alama za tope mpaka nyuma ya ghala la mahindi. Namcheja alikuwa na kigunzi mkononi, na tayari alikuwa amekiinua. Kisha akasikia sauti. Ilikuwa ndogo, ya kukwaruza, kama mlango uliokaa siku nyingi bila kufunguliwa. Ilikuwa sauti ya Nakiete.

Mtoto alikuwa amechuchumaa, amewapa mgongo. Mbele yake palikuwa na shimo dogo lililofinyangwa kwa udongo kama kibakuli, na watu wawili wa udongo, kila mmoja urefu wa kidole. "Nachimba, nachimba," alimsemea yule aliyekuwa shimoni. "Udongo mzuri huu. Kaa hapo, usisogee." Kisha akausukuma ukingo kwa kiganja. Ukamwangukia yule mtu. Kimya. Mtoto akahesabu pumzi kadhaa, akafukua, akamtoa, akamfuta, akajenga ukingo upya. "Nachimba, nachimba. Udongo mzuri huu."

Alifanya hivyo mara saba.

Nakadori alishika mdomo. "Uchuro huu!" alinong'ona. "Anamzika mama yake, anamfukua, anamzika! Mzuie, wifi, atatuletea balaa jingine."

"Wifi," Namcheja alisema, "miezi miwili hii umemsikia akisema?"

Nakadori akatikisa kichwa.

"Basi acha aseme."

Kigunzi kilishuka. Wale wanawake wawili wakarudi nyuma kwa vidole vya miguu, kama watu waliokuta ndege yuko kwenye kiota. Na siku hiyo, walipoketi kula, Nakiete alikula nusu bakuli ya makande bila kuambiwa.

Tangu hapo kila asubuhi Namcheja aliacha bonge la udongo nyuma ya ghala, akaenda zake. Hakusema kitu. Mtoto naye hakusema naye kitu, ila huko nyuma ya ghala watu wa udongo waliongea sana. Walichimba, waliangukiwa, walifukuliwa. Nusu bakuli ikawa bakuli. Kitanda kikaamka kikavu siku mbili, kisha tatu.

Hapo ndipo Namcheja alipokosea, na lilikuwa kosa ambalo mfinyanzi peke yake angeweza kulifanya.

Siku ya kuchoma vyungu ilifika. Moyo wa bibi ulikuwa umejaa shukrani, akatafuta namna ya kuitoa. Asubuhi mapema, mtoto akiwa bado amelala, alikwenda nyuma ya ghala, akawakuta wale watu wamekauka juani. Akawaona walivyo wabovu: mmoja shingo ina ufa, mwingine mguu mmoja mfupi. Akawapeleka uani pamoja na shimo lao. Akaziba nyufa kwa udongo laini. Akamchongea mama macho na mdomo kwa mwiba, akamfunga kilemba kizuri cha udongo, akamsugua kwa mbegu mpaka akang'aa. Hata lile shimo alilisawazisha kuta zake. Kisha akawaweka katikati ya vyungu, mahali ambapo moto ni wa haki pande zote, kwa sababu kisichopita motoni hakijazaliwa, naye alitaka wazaliwe, wadumu, mjukuu wake awe nao mpaka uzee.

Walitoka salama, wekundu kama embe bivu. Bibi alipogonga kichwa cha yule mama kwa kucha, kiliita. Akawarudisha mahali pao, akasimama pembeni kungoja furaha.

Nakiete alikuja, akachuchumaa. Akamchukua mama. Akataka kumkunja ili aketi shimoni, hakukunjika. Akasukuma ukingo wa shimo, haukuanguka. Akasukuma kwa mikono miwili. Shimo lilikuwa gumu, mama alikuwa mgumu, na usoni alikuwa na tabasamu ambalo hakupewa na mtoto. Nakiete akamkunja kwa nguvu, na mama akakatika kiunoni kwa sauti kavu.

Mtoto hakulia. Aliinuka, akamwendea bibi yake, akaviweka vile vipande viwili mikononi mwake, akaenda kuketi ukingoni mwa ua, mikono mapajani.

Siku hiyo hakula. Siku ya pili hakula. Bonge la udongo lililoachwa nyuma ya ghala likakauka na kupasuka bila kuguswa. Mahindi yalikuwa yamefika kifuani, na yameanza kuchanua.

"Si ulimtengenezea vizuri?" Nakadori alisema, na safari hii hakuwa akitania. "Mtoto gani huyu asiyependa kizuri?"

 Siku ya tatu Namcheja aliketi kufanya kazi ambayo wafinyanzi huifanya pasipo kufikiri: kusaga magae. Maana chungu kikivunjika Ikweni, hakitupwi. Magae husagwa kwenye jiwe mpaka yawe unga, na unga huo huchanganywa na udongo mbichi ili chungu kipya kistahimili moto. Alisaga gae la mtungi, akasaga gae la kibia, kisha mkono wake ukagusa vile vipande viwili alivyokuwa amevifunga kwenye pindo la kanga yake. Akavitazama muda mrefu. Aliwaza: mimi nimefinyanga miaka hamsini ili kitu kisibadilike. Mtoto huyu alifinyanga ili kibadilike. Alikuwa bado hajamaliza, nami nikammalizia.

Akaweka yule mama mzuri juu ya jiwe, kilemba chake na tabasamu lake, akaanza kumsaga.

Kwa sauti ile, Nakiete aligeuza kichwa. Bibi hakumwita. Aliwasaga wote wawili, na shimo pia, akaumwaga ule unga kwenye udongo mbichi, akatia maji, akakanda. Kisha akaliinua lile bonge, akaenda nalo nyuma ya ghala, na kwa magoti yake ya kizee yaliyolalamika moja baada ya jingine, akaketi chini kabisa, mavumbini, mahali ambapo mjukuu wake alizoea kuketi.

Baada ya kitambo mtoto akaja, akasimama.

"Mke mwenzangu," Namcheja alisema, "mimi nimekosea. Najua vyungu, mchezo siujui. Nifundishe. Mimi niwe nani?"

Upepo ulipita kwenye mahindi. Nakiete akalitazama bonge, akamtazama bibi. Akaenda akachota maji kwa kibuyu, akarudi, akaketi, akamkabidhi.

"Wewe uwe mvua," alisema.

Bibi akawa mvua. Alichovya vidole, akanyunyiza kama alivyoelekezwa. Mtoto akajenga shimo na ukingo, akamweka mama ndani. Akafanya mtu mwingine, mdogo sana, akamsimamisha juu ya ukingo. Huyu mdogo Namcheja alikuwa amemwona mara nyingi kwa mbali, lakini hakuwahi kujua alikuwa akifanya nini pale.

"Mama alisema, usirukeruke hapo," Nakiete alisema, akimshika yule mdogo. "Huyu akaruka. Akaruka tena. Shimo likaanguka." Akauporomosha ukingo. Kisha akainua macho, akamtazama bibi yake.

Hapo Namcheja akajua mjukuu wake alikuwa wapi miezi yote ile.

Maneno yalimjia mdomoni, yale ambayo watu wazima huyasema upesi ili jambo lipite: si kweli, usiwaze hivyo. Akayameza. Yeye hakuwa bibi wakati huo. Alikuwa amepewa kazi ya kuwa mvua.

"Mimi mvua," alisema taratibu, "nina neno. Nilinyesha siku tisa. Niliingia ndani ya ukingo ule, nikashuka, nikashuka, nikaulegeza wote, na mtoto huyu bado yuko kwao amelala. Sasa namsikia akisema ameuangusha yeye. Ana uzito gani? Mimi namwona mwepesi kama ungo mtupu."

Nakiete alikunja uso, akawaza. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Akajenga ukingo mpya kwa udongo mkavu. "Mvua, usinyeshe," aliamuru. Akamrusha yule mtoto mdogo juu ya ukingo, mara moja, mara tano, mara kumi. Ukingo ukasimama. Akamwondoa mtoto, akamweka mbali, karibu na mguu wa bibi. "Sasa nyesha." Mvua ikanyesha, ikanyesha, kibuyu kikaisha nusu. Na ukingo, bila mtu yeyote juu yake, ukanyong'onyea, ukaanguka wenyewe.

Mtoto aliutazama.

"Tena," alisema.

Wakafanya tena. Ukaanguka tena. "Tena." Namcheja akanyesha mpaka kibuyu kikawa kitupu, akajaza kingine.

Mwishowe Nakiete alimtoa mama shimoni. Hakumfuta udongo kama siku zile. Alimviringisha kwenye jani la mgomba, akachimba pembeni kwa kidole, akamlaza.

"Mama hakusafiri," alisema.

"Hakusafiri, mwanangu. Amefariki. Tulimzika."

"Hatarudi."

"Hatarudi."

Ndipo mtoto akalia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, kwa sauti kubwa iliyomleta Kalutu mbio kutoka shambani na Nakadori kutoka kwake. Namcheja akawainulia kiganja wasisogee. Alimpakata mjukuu wake, matope kwa matope, na mwenyewe akalia, kwa sababu alikuwa na jambo lake ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Na yule aliyemtuma mama udongo?" aliuliza walipotulia. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya mtoto. "Yeye tumweke wapi?"

Nakiete akafuta kamasi. "Alijua mvua imeingia ndani?"

"Hakujua."

 Mtoto akakata kipande cha udongo, akakiviringisha, akakipa kichwa na mgongo uliopinda, akakisimamisha kando ya jiwe, mahali palipokuwa jiko.

"Basi huyu ndiye. Yuko nyumbani," alisema. "Anapika. Mke mdogo ana njaa."

Namcheja alicheka huku machozi yakimtoka, akainuka, akapika makande, na mtoto akala bakuli mbili. Mahindi yalipokomaa alikuwa ameota meno, nayo yaliguguna mahindi hayo mpaka kwenye kigunzi.

Siku wanawake waliporudi machimboni, mahali pengine palipo tambarare, Namcheja alichukua bonge la kwanza lililotoka, akalipasua, akawagawia watoto wote waliokuwa wamekaa na mikono mapajani.

"Udongo wa kuchezea!" Nakadori alipaza sauti. "Kesho tuwape na unga wa ugali wachezee!"

"Wewe, wifi," Namcheja alimjibu, "shukuru Mungu hujaitwa mchezoni. Wangekufanya mbuzi."

Wanawake wakaangua kicheko. Kabla jua halijapinda, Nakadori alikuwa amepiga magoti nyuma ya kichaka, mjukuu wake amemshika kanga, naye analia mee, mee, kwa bidii, kama mtu aliyekuwa akingojea kuitwa miaka mingi.

Na tangu siku hiyo, Ikweni, bonge la kwanza kutoka machimboni ni la watoto. Haliingii motoni. Wanachokitengeneza hukaa nyuma ya ghala mpaka wakibomoe wenyewe au mvua ikirudishe udongoni, na mtu mzima hakisawazishi, hakichongei uso, haulizaulizi ni kitu gani. Tangu siku hiyo pia mtoto huambiwa nani amefariki, kwa maneno machache na ya kweli, kisha hupewa udongo. Na tangu siku hiyo watoto, wa Ikweni na wa kwingine, wakimaliza mchezo husema "tena", hata mchezo wenyewe uwe wa huzuni, na hawaachi mpaka wao wenyewe waone kwamba umekwisha.

Basi ukipita huko wakati wa masika, ukaona nyuma ya nyumba vilima vidogo vya udongo vinavyoyeyuka, pita kwa pembeni. Na ukisikia unaitwa, tua mzigo wako, keti chini. Utaambiwa wewe ni nani.